Plesiosauri Hayumo Kivu

Mdogo wangu ana miaka tisa. Likizo iliyopita alikataa kuoga ziwani hapa kwetu Gisenyi, kwa sababu alisoma kijitabu cha watoto kinachodai kwamba ndani ya Kivu amejificha mnyama mwenye shingo ndefu, aliyesalia tangu enzi za dinosauri. Mchoro ulikuwa wa plesiosauri. Niliudhika, na bado nimeudhika.

Plesiosauri walikuwepo kweli. Walikuwa watambaazi wa baharini wenye mapezi manne kama makasia, wakatoweka miaka milioni 66 iliyopita. Kivu ni ziwa changa: lilipata umbo lake la sasa maelfu ya miaka tu iliyopita, volkano za Virunga zilipoziba njia ya maji yaliyokuwa yakielekea kaskazini. Tena plesiosauri alivuta hewa kwa mapafu. Angelazimika kuibuka kila mara mbele ya wavuvi wa sambaza, wanaokesha ziwani na taa zao.

Nitaulizwa: mbona silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka zamani zizo hizo, alivuliwa Afrika Kusini mwaka 1938 na baadaye Tanga? Ni kweli. Lakini yeye ni samaki wa kina cha bahari, na bahari imekuwepo muda wote huo. Isitoshe, alithibitishwa kwa mwili wake, si kwa uvumi.

Wengine watasema hadithi humvuta mtoto kusoma. Nakubali, na ndiyo maana nazitetea hadithi zetu. Mamba Muntu, yule mwanamke nusu samaki anayependwa na wachoraji wa Kongo, humpa mtu utajiri kisha akadai uhai wa ndugu yake. Hilo ni somo kuhusu tamaa, na mtoto hulielewa bila kuambiwa kwamba ni habari ya kweli. Ukimgeuza Mamba Muntu kuwa plesiosauri, umeharibu hadithi na sayansi kwa pamoja.

Kibaya zaidi, zimwi la uongo huficha hatari ya kweli. Katika kina cha Kivu kumeyeyuka kaboni dioksidi na methani nyingi, hiyo methani ambayo Karongi inazalisha umeme. Na huku Gisenyi na Goma tuna mazuku: kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni na mashimoni. Haionekani, ni nzito kuliko hewa, na huua mbuzi na watu. Aliyeinama au aliye mfupi ndiye huifikia kwanza. Mdogo wangu alijua idadi ya mapezi ya plesiosauri, lakini hakujua kwa nini mama humkataza kushuka shimoni asubuhi, kabla upepo haujavuma.

Neno mazuku ni la Kiswahili cha huku kwetu. Wenzangu, na ninyi walimu wetu, kitabu cha watoto kinacholieleza neno hilo tunamwachia nani akiandike?