Kaburi la Mtoto si mahali pa kuchora jina lako

Hebu fikiria. Mtoto wa miaka miwili na nusu hivi, au mitatu, amefariki. Watu wake wanachimba shimo pangoni. Wanamlaza kwa ubavu wa kulia, magoti yakikunjwa hadi kifuani. Kichwani wanamwekea kitu kama mto. Kisha wanamfukia.

Hayo hayakutokea juzi. Ni miaka kama 78,000 iliyopita, hapa hapa Kenya, katika pango la Panga ya Saidi, kwenye vilima vya chokaa vyenye msitu huko Kilifi. Ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu wa aina yetu linalojulikana Afrika. Wanasayansi walimpa jina la Kiswahili: Mtoto. Habari zake zilitangazwa 2021.

Labda shuleni hukusikia haya. Si kosa lako, lakini sasa unajua.

Je, walitambuaje kwamba alizikwa, hakufa tu akafunikwa na vumbi? Jibu moja ni udongo. Uliojaa shimoni ulikuwa tofauti na ule wa kando. Mifupa nayo ilikuwa laini kiasi kwamba ilibidi ipakwe plasta na kubebwa pamoja na donge lake hadi Nairobi, kisha Uhispania, ndipo ichunguzwe polepole.

Kwa hivyo msee, ukienda mapangoni Pwani ukawasha moto wa nyama choma, ukachota udongo au ukachora jina la mpenzi wako ukutani, usiseme ni mawe tu. Umevuruga ushahidi ambao hakuna pesa itakayourudisha.

Ndiyo, tuna Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006. Lakini serikali haiwezi kuweka askari kwenye mlango wa kila pango. Panga ya Saidi bado ni mahali pa ibada kwa wenyeji, na heshima yao imelinda zaidi ya karatasi yoyote.

Nenda ukaone, tena uwapeleke na marafiki. Lakini omba ruhusa kwanza, tembea na mwenyeji, usiokote kitu, na chupa uliyokuja nayo urudi nayo. Selfi piga, hakuna shida.

Watu wa Mtoto walimsitiri bila sheria wala bango. Sisi wenye vyote viwili tutashindwaje?