Hiyo Si Haiki, Ni Kutumwa Mtoni

Juzi niliweka video ya dakika mbili nikitembea kando ya mto Nzoia, karibu na maporomoko ya Nabuyole pale Webuye. Hakuna kilele, hakuna kamba, hakuna koti la elfu nane. Niko na raba za mtumba, chupa ya maji na binamu yangu wa miaka tisa anayeongea bila kupumua. Msee mmoja akaandika chini: "Buda, hiyo si haiki, hiyo ni kutumwa mtoni."

Komenti yake ilipata laiki nyingi kuliko video yenyewe. Nilicheka, siwezi kudanganya. Alafu usiku ikanikatalia usingizi, kwa sababu huyo msee hakunikosea mimi peke yangu. Alisema kile sote tunaamini bila kukisema: kwamba kutembea kukiwa rahisi, na kukiwa kwetu, hakuhesabiki.

Leo namjibu. Kaa chini.

Nianze na dhambi zangu. Mwaka ule niliacha chuo, karo ikiwa imenishinda na mimi mwenyewe nimeshindwa kumwambia mzee, nilikopa elfu tatu na mia tano nikalipia safari ya kupanda Longonot. Kutoka Kitale. Tulikaa kwa basi usiku mzima, tukapanda, tukapiga picha juu, tukarudi kwa basi tena. Ile picha nilikula nayo sifa wiki mbili. Lile deni nililipa miezi minne. Na wakati huo wote, mimi mtoto wa Kitale, nilikuwa sijawahi kukanyaga Saiwa.

Kama hujui Saiwa, usione haya, tuko wengi. Ni mbuga ya kitaifa iliyoko nje tu ya Kitale, upande wa kuelekea Kapenguria. Ilianzishwa mwaka 1974 na ina ukubwa wa kilomita mraba 3 hivi, ndiyo ndogo kuliko mbuga zote za kitaifa Kenya. Ilitengwa hasa kwa ajili ya mnyama mmoja, nzohe, swala anayeishi kwenye kinamasi na ana kwato ndefu zinazopanuka asizame kwenye matope. Na sasa sikia hii: Saiwa huzunguki na gari. Ni miguu tu. Kuna njia za mbao juu ya maji, kuna vibanda vya kupanda uchungulie, kuna tumbili wa ndevu nyeupe juu ya miti. Unalipa kwa eCitizen kama unavyolipia kitambulisho, unaingia, unatembea polepole, unanyamaza. Mbuga nzima imejengwa juu ya kile kitu mnachokiita "si haiki".

Hata mjini penyewe, jumba la makumbusho la Kitale lina njia ndani ya msitu wa kando ya mto. Watoto wa shule wanaletwa huko na mabasi kutoka mbali. Sisi tunapita nje ya geti tukienda kununua bando.

Ukienda upande wa Bungoma, mambo ni yale yale. Vilima vya Sang'alo unaviona ukiwa barabarani. Chetambe iko juu ya Webuye, na pale ndipo Babukusu walipigana na jeshi la Waingereza mwaka 1895. Unapanda bila haraka, unasimama mahali watu walikufa wakikataa kutawaliwa, na chini unaona bonde la Nzoia limelala. Niambie ni kilele gani cha elfu tatu na mia tano kitakupa hiyo.

Na jambo lingine shuleni tulilisoma kama kifungu cha mtihani tu. Sisi tunakaa kwenye kichwa cha maji. Nzoia inakusanya maji ya Cherang'any na ya Mlima Elgon, inapita kwetu, inaanguka Nabuyole, inashuka Mumias hadi Budalang'i, inaingia Ziwa Victoria. Upande wa pili wa mlima huo huo, maji ya Suam yanageuka Turkwel na kwenda Ziwa Turkana. Mlima mmoja, maziwa mawili. Hata jina la kaunti, Trans Nzoia, maana yake ni ng'ambo ya Nzoia. Tunaitwa kwa jina la mto ambao wengi wetu tunaujua tu kutoka dirisha la matatu.

Sawa, utasema, ni pazuri, lakini kwani ni lazima uliite haiki? Si ungesema tu umeenda matembezi?

Jina halinisumbui. Kinachonisumbua ni nani anabaki nje tukisema rahisi ni aibu. Mlima mkali unaenda wewe na marafiki zako wanne wenye mapafu na pesa. Njia rahisi anaenda kukhu. Anaenda mtoto wa miaka tisa. Anaenda mama mjamzito, anaenda mtu wa kilo mia na ishirini anayetaka kuanza mahali bila kuchekwa, anaenda kijana aliyeacha chuo asiye na mia mbili ya ziada. Hao ndio watu wengi. Na mahali panapotembelewa na watu wengi pana watu wengi wa kuuliza maswali siku mtu anapokuja na seng'enge.

Hapo ndipo penye uchungu wangu.

Kwa kukhu, kule chini karibu na mto Kuywa, kulikuwa na njia. Sisemi barabara, nasema njia, ya upana wa watu wawili wakisalimiana. Iliteremka kati ya mashamba, ikafuata mto, ikatokea sokoni. Kukhu aliipita akiwa msichana. Mama yangu aliipita na mtungi. Mimi niliipita nikitumwa maji, ndio, nikilalamika njia nzima. Alafu tukapata mfereji wa maji nyumbani, tukanunua boda, na polepole hakuna mtu aliyekuwa akipita tena. Desemba iliyopita nilimshika kukhu mkono twende tuone mto wake. Tulifika nusu. Waya. Ndani ya waya mikaratusi imepandwa hadi kwenye maji, kama nyasi. Kukhu alisimama hapo, akauliza, "Sasa watu wanapita wapi?"

Sikuwa na jibu. Mwenye shamba alinijibu siku iliyofuata, na hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Kijana, kwani nani alikuwa anapita?"

Hilo swali sijalisahau. Alikuwa na makosa kuhusu ukingo, kwa sababu kanuni za maji za nchi hii zinataka ukanda wa angalau mita 6, hadi mita 30 kulingana na upana wa mto, uachwe kandokando ya maji, usilimwe wala usijengwe. Lakini kuhusu njia, alisema kweli. Hakuna aliyekuwa anapita. Sisi tulikuwa Longonot.

Najua sheria ya ukingo hailindi njia ya miguu, inalinda mto. Ila ukingo ukiachwa wazi, mguu una pa kukanyaga. Na mguu ukikanyaga kila wiki, kuna macho yanayoona mti wa kwanza wa karatusi ukichimbiwa shimo, kabla haujawa msitu. Chifu hana muda wa kukagua kila kona ya Kuywa. Watu wa matembezi wa Jumamosi wanao.

Kama unadhani naota, angalia Karura. Leo kila mtu wa Nairobi ana picha Karura, kando ya mto, kwenye maporomoko, na baiskeli. Ni njia rahisi, tambarare karibu yote. Mbona hakuna anayesema hiyo si haiki? Na huo msitu ulikuwa ukigawiwa wajenzi. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti pale, wakapigwa na kundi la walinzi hadi yeye akatoka damu kichwani. Miti iliokolewa na wale waliokubali kupigwa. Lakini leo inalindwa pia na maelfu ya watu wa kawaida wenye raba na watoto, wanaoingia getini kila wiki. Jaribu kuikata sasa uone kelele.

Nabuyole ina kelele za nani? Kuywa je?

Sasa nimsikilize anayenipinga kwa haki, kwa sababu yuko. Kuna mama mmoja ananiona kila nikija na kamera. Mwaka jana niliweka video ya kidimbwi kimoja karibu na kwake, nikaandika "hazina iliyofichika, hakuna anayepajua". Wiki tatu baadaye kulikuwa na spika, chupa za plastiki na moto uliowashwa kwenye shina la mti. Aliniita kando, akaniambia bila hasira, "Mwanangu, wageni wako wanakojoa juu ya maji yangu."

Niliifuta video. Nilirudi na magunia mawili na binamu yangu, tukaokota. Haikutosha, najua. Lakini nilijifunza kitu kuhusu hiyo sentensi ya "hakuna anayepajua". Ni uongo, na ni uongo wa zamani. Wakoloni walipofika Nabuyole waliyaita maporomoko hayo Broderick, na mji wa Webuye nao ukaitwa hivyo, kana kwamba maji yalikuwa yanamsubiri mzungu ndio yaanze kuanguka. Sisi tunafanya vile vile na simu. Kidimbwi kina jina, kina mama anayechota hapo asubuhi. Hakijafichika. Wewe ndio umechelewa kufika.

Kwa hivyo simwambii mtu ajazane mtoni kama disko. Nasema hivi: salimia kabla ya kupita kwa boma la mtu, na ukiambiwa leo hapana, rudi. Uliza mahali panaitwaje na uandike jina hilo. Hela ambayo ungempa mpanga safari wa mbali, mpe kijana wa pale akuongoze, maana yeye ndiye anajua ni jiwe gani lina utelezi na mvua ya mlimani inajaza mto saa ngapi. Plastiki yako irudi na wewe. Kwenye mbuga za kitaifa plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku tangu Juni 2020, na mto wa kijijini hauna thamani ndogo kuliko mbuga. Na acha spika nyumbani, ndege hawajaomba muziki.

Longonot endeni, sijakataza mtu. Hata mimi nitarudi siku moja, na pesa yangu mwenyewe.

Ila Jumamosi hii niko Kuywa. Nilizungumza tena na mwenye shamba, nikiwa na kukhu, na kukhu akiongea mtu hukaa kimya. Amekubali kutoa waya kwenye kipande cha chini, hatua kama arobaini, kama tutakuwa tunapita kweli na si kwa kamera tu. Mikaratusi bado tunabishana. Tunaanza saa mbili asubuhi, kukhu mbele na fimbo yake, mwendo wake ndio mwendo wetu. Ukitaka kuja, niandikie. Njoo na raba zozote.

Na wewe uliyeandika ile komenti, njoo pia. Nitakupa mtungi ubebe.