Juu ya Kilio cha Mtaji

Toka Tabata Relini hata Kimanga kilio ni kimoja: hatuna mtaji. Kijana asiye na kazi husema hivyo, mama lishe husema hivyo, na mtu atakaye kura hujibu kwa kuahidi mtaji. Tena wako wenye semina, wafundishao ujasiriamali kwa asubuhi moja. Kila mtu hupewa daftari na soda, akaambiwa aende akapambane peke yake. Sisi twasema mafundisho hayo yamepungukiwa. Hatusemi kwamba fedha haifai, maana asiye na unga hawezi kukaanga maandazi. Twasema kwamba fedha ikitangulia mahali pasipo umoja wala hesabu, hupita kama maji ya mvua katika bonde la Msimbazi, yakaacha tope.

Wengi wanaoshuka kituo cha Tabata Dampo hawajui kisa cha jina lile. Zamani taka za jiji zote zilimwagwa Tabata, katikati ya nyumba za watu, na moshi wake ulikuwa ukiwaka mchana na usiku. Mwaka 1988 wakazi walikwenda Mahakama Kuu kuishtaki Halmashauri ya Jiji, wakashinda. Halmashauri ikaomba muda, ikaomba tena, hata mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, akasema kuwafukizia watu moshi ni kuingilia haki yao ya kuishi iliyomo katika Katiba. Basi wale watu hawakutawanyika baada ya kushinda. Katika miaka ya 1990 waliunda mfuko wao wa maendeleo, wakachanga wao wenyewe kwa ajili ya mambo kama barabara na maji, na wengine wa nje wakatia sehemu yao. Hebu tufikiri: muuza samaki aliye katika moshi wa taka, ambaye gari haliwezi kumfikia, mkopo utamsaidia nini? Mtaji wake wa kwanza ulikuwa kuondolewa taka na kufanyiwa njia, na jambo hilo hakuna mtu mmoja awezaye kulinunua peke yake, hata angekopeshwa mamilioni.

Watu wa siku hizi wameiacha njia ile, wakakimbilia ile mikopo iitwayo kausha damu. Jina limetolewa na wakopaji wenyewe, nasi hatuwezi kuliboresha. Tuweke mfano wa hesabu, kama tufanyavyo darasani. Mama akopa shilingi 100,000, arudishe 5,000 kila siku ya kazi kwa siku 26. Jumla ni 130,000. Mkopeshaji husema riba ni 30 kwa mia, na mama hukubali. Lakini siku ya 13 amekwisha kurudisha 65,000. Ndiyo kusema hakukaa na ile laki moja mwezi mzima, alikaa na kadiri ya nusu yake. Basi riba ya kweli yakaribia 60 kwa mia, kwa mwezi mmoja! Biashara gani ya vitumbua iletayo faida hiyo? Akishindwa, huchukuliwa jiko, kisha godoro, naye hukopa kwa wa pili ili amlipe wa kwanza.

Kikoba ni namna nyingine kabisa. Upatu ni wetu tangu zamani. Mpango huu wa sanduku na hisa ulianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991, pamoja na wanawake ambao wengi wao hawakujua kusoma. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na mtunza sanduku hana hata mmoja. Fedha huhesabiwa mbele ya wote. Mkopaji hulipa riba, naam, lakini riba hiyo hurudi sandukuni, ikagawanywa kwa wenye hisa, naye akiwa mmoja wao.

Labda msomaji atasema, ushirika tuliuona, viongozi wakala fedha. Ni kweli, waliokula wapo. Walakini wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, walioanza chama chao mwaka 1925 na kukifanya KNCU mwaka 1933, walijenga kitu cha kuonekana. Na mwaka 1976 Serikali ilipovivunja vyama vikuu vya ushirika kwa amri, ilionekana hasara yake, hata vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mwizi hukaa palipo na daftari lisilosomwa kwa sauti. Dawa ni kulisoma.

Tazameni pia ile mikopo ya halmashauri, sehemu 10 kwa mia ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Sheria ni njema. Lakini mwaka 2023 ilisimamishwa, ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mwingine, kwa kuwa wakaguzi walikuta fedha zisizorejeshwa na vikundi visivyopatikana. Haishangazi. Kikundi kilichoundwa Jumatatu ili kipokee fedha Ijumaa kitakufa Jumamosi. Twataka maofisa waulize kwanza: mmekutana mara ngapi? Tuonyesheni daftari la mwaka uliopita.

Nao wenye vikoba tuna neno nao. Kila Desemba sanduku huvunjwa lote, fedha zikaenda katika sare na pilau, na Januari watu wanaanza tena na shilingi ya kwanza, ada za shule zikiwa mlangoni. Sherehe hatuichukii. Lakini kwa nini lisibakizwe fungu moja katika kumi, liwe mali ya mtaa mzima, kama wale wa Dampo walivyofanya? Tabata Kisiwani kila masika maji huingia ndani ya maduka, yakaharibu unga na sukari za watu ambao jana tu waliitwa wajasiriamali. Fungu hilo likiwekwa Desemba, wachimbaji waweza kulipwa Februari, na mfereji ukawa wazi kabla ya mvua za Machi.