Brussels: Mgeni Mkongomani afundishwe tramu siku ya kwanza

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mjini Brussels, Ubelgiji, jembe hilo ni tramu. Lakini familia nyingi za Wakongomani wanaoishi huko zinachelewa kumpa mgeni wao.

Mama anatoka Bukavu au Goma kwenda kumuona mtoto wake aliyejifungua. Anapokelewa vizuri, anakula, analala. Asubuhi watu wote wanaenda kazini na shuleni. Yeye anabaki dirishani, anatazama tramu zikipita, akingoja mkwe wake arudi saa kumi na mbili jioni ili amtembeze kwa gari. Huyo mama aliyezoea kupanda kutoka Kadutu mpaka Nyawera bila kuuliza mtu, sasa anaomba ruhusa kama mtoto. Hiyo si heshima kwa mgeni, ni kifungo, hata kama kimefanywa kwa upendo.

Ni kweli kwamba tramu ya Brussels inatisha mara ya kwanza. Hakuna kijana mlangoni anayepaza sauti kutaja mwisho wa safari na kupokea pesa. Huwezi kumwambia dereva "nishushe hapa" kama unavyomwambia motari. Mlango wenyewe haufunguki mpaka mtu abonyeze kitufe. Na dereva hauzi tiketi: ni lazima kuinunua mapema kwenye mashine, kutumia kadi ya usafiri inayoitwa Mobib, ao kugusisha kadi ya benki kwenye mashine iliyo ndani ya tramu. Tiketi moja inatumika kwa muda wa saa nzima, hata mtu akibadilisha tramu, basi ao metro ya kampuni ya STIB. Ila kila anapopanda anapaswa kuigusisha tena. Wageni wengi wanasahau hapo. Wanafikiri kwa kuwa wamekwisha kulipa, mambo yamekwisha. Wakaguzi wanaingia bila kutangaza, na faini yake inapita mbali bei ya tiketi.

Tatizo la pili ni majina. Brussels inatumia lugha mbili, Kifaransa na Kiholanzi, na kila kituo kimeandikwa kwa zote mbili. Mkongomani anayetafuta Gare du Midi anaona "Zuid" na kufikiri amepotea, kumbe ni palepale. Arts-Loi ni Kunst-Wet. Porte de Namur, mlango wa mtaa wa Matonge ambao ulichukua jina la mtaa wa Kinshasa, ni Naamsepoort. Mgeni akielezwa jambo hili mara moja, hofu inapungua nusu. Nusu nyingine inaisha akijua kwamba namba peke yake haitoshi: ni lazima kusoma jina la kituo cha mwisho lililo mbele ya tramu, kwa sababu namba moja inaenda pande mbili.

Kuna jambo moja la kuangalia sana. Nchini Ubelgiji tramu haimngoji mtu anayevuka, hata kwenye mistari myeupe. Magari yanasimama, tramu inapita. Mtoto aliyekulia Goma, ambako pikipiki inamkwepa mtu dakika ya mwisho, lazima aambiwe kwamba chuma kilicho juu ya reli hakiwezi kukwepa.

Kwa nini haya yote yana maana? Kwa sababu kuna safari ambayo Mkongomani hapaswi kungoja kupelekwa na mtu. Kutoka Porte de Namur, anachukua metro mpaka Arts-Loi, hapo anapanda metro namba 1 upande wa Stockel na kushuka Montgomery. Kutoka hapo, tramu namba 44 inapita katikati ya msitu wa Soignes mpaka Tervuren. Reli hiyo ilifikishwa Tervuren mwaka wa 1897, kwa ajili ya maonyesho ya Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka huo aliwaleta Wakongomani 267 ili Wabelgiji waje kuwatazama katika vijiji vya kuigiza. Saba kati yao walikufa, na makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren. Karibu na hapo kuna jumba la makumbusho la Afrika, lililofunguliwa upya mwezi wa 12 mwaka wa 2018, lenye vitu vingi vilivyotoka Kongo. Jumatatu linafungwa.

Wale 267 walipelekwa, wakawekwa, wakatazamwa. Mjukuu wa Kongo anayefika leo kwenye kituo cha mwisho cha 44, tiketi yake mkononi, amejipeleka mwenyewe kwa macho yake na kwa saa aliyoichagua. Tofauti hiyo si ndogo.

Kwa hiyo, ndugu mwenyeji asimalize pesa ya mafuta kwa kumzungusha mgeni. Siku ya kwanza ampatie kadi, apande naye mara mbili, amwandikie jina la kituo cha nyumbani kwa lugha zote mbili, na siku ya tatu amwache aende peke yake. Akipotea, atauliza kwa Kifaransa chake kilekile cha Bukavu, na atafika. Kuuliza si ujinga.