Barua ya Nyumbani: Bwana Aliyerudi Chuoni Ukubwani

Imetufikia barua ya mama mmoja wa Mombasa, mzazi wa watoto wane, ambaye jina lake tumeliacha kwa kumsitiri. Asema kuwa mumewe ni karani katika nyumba ya uwakala wa forodha, kazi aliyoishika kwa miaka kumi na tisa, na mwaka huu ametimiza umri wa miaka arobaini na minne. Tangu mwezi wa Shaabani bwana huyu, akishasali Isha, hufungua kompyuta yake sebuleni akajifunza kutunga programu, pasi na mwalimu wala darasa, mpaka usiku wa manane. Watoto huambiwa wanyamaze. Majirani wamekwisha kuuliza. Na sasa ameazimia kuiacha kazi yake mwezi ujao, apate kusoma mchana na usiku, na ile akiba iliyowekwa kwa karo ya binti yao mkubwa iwe ndiyo ya kula kwa miezi sita. Mama auliza mambo mawili: je, mtu wa umri huu aweza kweli kujifunza kazi kama hii? Na yeye mke, yampasa aseme au anyamaze?

Twaanza na la kwanza, kwa kuwa ndilo jepesi.

Sisi watu wa pwani tuliokulia katika madhehebu ya Imamu Shafi twalijua jina la al-Qaffal wa Marw, mmoja katika nguzo za madhehebu haya, aliyekufa mwaka 417 wa Hijra. Jina lake lenyewe laeleza kazi yake ya kwanza: alikuwa fundi wa makufuli. Alikuwa hodari, mwenye kutengeneza kufuli dogo mno pamoja na ufunguo wake, watu wakastaajabu. Akaiacha kazi ile akenda kutafuta elimu akiwa na miaka thelathini, na wengine wapokea kuwa alikuwa na arobaini. Husimuliwa kwamba siku ya kwanza mwalimu alimpa maneno matatu tu, yale ya mwanzo wa kitabu cha al-Muzani, ayahifadhi. Al-Qaffal akapanda juu ya dari ya nyumba yake, akayakariri tangu Isha mpaka karibu na alfajiri. Kisha usingizi ukamchukua, na alipoamka hakulikumbuka hata neno moja. Akatoka amehuzunika, hajui atamwambia nini mwalimu wake. Jirani yake mwanamke akamlalamikia kuwa jana usiku hakuwaacha kulala kwa kusema maneno fulani na fulani. Na kwa ulimi wa jirani yule aliyekasirika akayapata maneno yake tena. Huyu ndiye aliyekuja kuwa imamu wa watu wa Khurasan katika fiqhi, na husemwa kwamba akiwa mzee huwaonyesha wanafunzi mgongo wa mkono wake wenye alama za kazi ya ufundi.

Kisa hiki twakipenda kwa sababu hakimfichi al-Qaffal. Maneno matatu, na yote yakapotea! Kijana akisahau hivyo husema nimesahau. Mtu mzima akisahau husema: umri wangu umepita, mimi si wa mambo haya. Na wanaojifunza kutunga programu watakuambia kuwa kompyuta haina haya wala huruma. Alama moja ikikosekana katika mistari mia, yote husimama, na kioo hukuandikia kuwa umekosea. Mtoto wa miaka kumi na minne hucheka akajaribu tena. Mtu mzima aliyezoea kuitwa "mzee" huko ofisini hutazama mlangoni kama yuko aliyemwona. Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, alisema kwamba elimu haipati mwenye kuona haya wala mwenye kibri, nasi twaona kuwa ukubwani mambo haya mawili hugeuka kuwa kitu kimoja.

Wala si lazima tutoe mifano ya kale peke yake. Katika nchi ya Japani yuko bibi mmoja, Masako Wakamiya, aliyezaliwa mwaka 1935 na kufanya kazi ya benki mpaka akastaafu. Kompyuta aliijua akiwa karibu na miaka sitini, siku alizokuwa nyumbani akimuuguza mama yake. Mwaka 2017, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, alitoa mchezo wa simu alioutunga mwenyewe, wa kupanga vinyago vya sikukuu ya wasichana ya kwao, kwa kuwa aliona michezo yote ya simu yatungwa kwa ajili ya vijana wenye vidole vyepesi. Basi, bibi yetu mwenye barua, usimwambie bwana wako kuwa ni mzee. Si kweli, na litamuumiza bure.

Pengine wasomaji wetu wengine wauliza: kutunga programu ni kufanya nini hasa? Ni kuiandikia kompyuta maagizo, hatua kwa hatua, bila ya kuiachia kitu cha kukisia. Mfano wake tunao katika elimu ya mirathi. Mume akifa, mwandishi wa programu ataandika hivi: kama marehemu ameacha mtoto, au mtoto wa mwanawe, fungu la mke ni thumuni, kama hakuacha, ni robo, kama wake ni wawili au zaidi, wagawane fungu hilo hilo sawasawa. Kisha huendelea na mama, na baba, na watoto, mpaka kila hali iwe imepata jawabu lake. Tena jambo hili si geni kwetu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyekuwa Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, sehemu kubwa ya kitabu chake cha al-jabri aliiweka kwa masuala ya wasia na mirathi. Na jina lake, lilipopita katika ndimi za Wazungu, ndilo lililozaa neno algorithimu, yaani hatua za kufuata ili kupata jawabu. (Tumechoka kidogo na vijana wanaojifakhiri kwa jina hili barazani, wala hawajafungua kitabu, si chake wala cha mwingine.)

Sasa twaja kwenye swali la pili, na hapa maneno yetu ni kwa bwana mwenyewe.

Khofu yako twaifahamu. Mwaka 2019 serikali ilipoamuru mizigo ya bara iingiayo kwa bandari ya Mombasa ichukuliwe kwa reli mpya, nyumba nyingi za uwakala na za malori zilikosa kazi, na watu wakaandamana barabarani. Mwaka 2022 amri ile ikaondolewa. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kutafuta ufundi wa pili baada ya hayo ni akili. Lakini nafaka ya mke na watoto ni wajibu ulio shingoni mwako leo, na elimu hii ni kheri unayoitaraji kesho. Mtume wetu, sala na amani zimshukie, ametuonya kuwa yamtosha mtu kuwa na dhambi kwa kuwapoteza wale anaowalisha. Akiba ile ilikwisha kuwekewa nia, na binti yako aijua. Ukiila kwa miezi sita, utakuwa umeikopa elimu ya mtoto ili kuilipia elimu ya mzazi, na mkopo huo hujui utaulipa lini.

Hujui, kwa sababu soko lenyewe si lile linalosifiwa. Wako wauzaji wa mafunzo wanaoahidi kazi kwa miezi mitatu. Hao, kwa rai yetu, wauza matumaini kuliko elimu. Katika miaka ya 2022 na 2023 makampuni makubwa ya Marekani yaliwaachisha kazi maelfu kwa maelfu ya watu, na watunga programu walikuwa miongoni mwao. Na tangu mwisho wa 2022 imeenea mitambo ya akili mnemba, ambayo ukiiambia kwa maneno ya kawaida yaweza kukuandikia programu ndogo kwa nukta chache. Mlango wa wanaoanza umekuwa mwembamba. Haukufungwa, lakini asiingie mtu kwa kukimbia huku amewabeba watoto mgongoni. Sisi twamhesabia mtu mwenye kazi na familia miaka miwili, si miezi sita. Na mitambo hiyo itumie kwa kuuliza, usiitumie kwa kunakili; mtoto wa chuo anayenakili ubao wa mwenziwe huonekana amesoma mpaka siku atakapoambiwa asome peke yake.

Tena kuna jambo ambalo twadhani hukulifikiri. Waona kama kwamba miaka kumi na tisa ya forodha ni mzigo wa kuutua njiani. Kinyume chake, ndiyo mtaji wako. Kijana wa miaka ishirini na miwili aliyetoka chuo kikuu atakushinda kwa wepesi wa kuandika. Lakini yeye hajui kuwa ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una ngazi za asilimia 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 ngazi ya 35, ukiacha bidhaa maalumu kama mchele na sukari zenye viwango vyake. Hajui kuwa ushuru huo huhesabiwa juu ya bei ya kitu pamoja na bima na nauli, na kwamba kodi ya ongezeko la thamani hupanda juu ya jumla hiyo na ushuru wake. Hajui ni karatasi gani hukosekana kila mara, wala mteja gani hukosea kutaja aina ya bidhaa yake. Hayo unayo wewe kichwani. Basi programu yako ya kwanza ya maana isiwe mchezo wala kuiga mambo ya California. Iwe ya kumhesabia mfanyabiashara mdogo wa Mombasa ushuru wa kontena lake kabla hajaliagiza. Itungie hapo hapo ofisini kwako, kwa ruhusa ya mkubwa wako, uwaonyeshe wenzako, wakukosoe. Huenda usihitaji kuiacha nyumba hiyo ya uwakala hata kidogo. Huenda ukawa mtu wao wa kompyuta.

Gharama pia si kubwa kama unavyodhani. Utangulizi wa elimu ya kompyuta wa Chuo Kikuu cha Harvard, ujulikanao kwa jina la CS50, watolewa bure katika intaneti, na freeCodeCamp yafundisha bure tangu mwaka 2014. Kiingereza cha makaratasi ya forodha chatosha kuanzia. Kompyuta ya mkono wa pili yatosha vile vile. Shika lugha moja ya kompyuta, kama Python, uimalize, wala usirukeruke kama nzi sokoni.

Na kabla ya kuomba kazi popote, tazama kazi yenyewe. Makampuni ya kamari ya mpira yahitaji watunga programu, na ya mikopo ya simu yenye riba yahitaji vile vile. Kamari Mwenyezi Mungu ameiharamisha katika Sura ya al-Maida. Na katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim juu ya riba, laana haikumwangukia mlaji peke yake. Mwandishi wake naye ametajwa. Sisi hatuoni tofauti baina ya aliyeandika kwa kalamu na aliyeandika programu ihesabuyo riba hiyo usiku na mchana bila ya kuchoka.

Bibi yetu, nawe tukujibu. Sema. Kuhusu kazi na akiba, sema waziwazi, mkiwa wawili, si mbele ya watoto wala mama mkwe. Kuhusu kusoma kwake, msaidie, nawe uwe na sehemu yako, kwani al-Qaffal alirudishiwa somo lake na mtu aliyekuwa akimsikia tu. Mwambie bwana akueleze jioni alichojifunza, nawe umuulize pale usipofahamu. Asipoweza kukueleza, hajakijua bado. Wala hahitaji kuiteka sebule. Mtume aliuombea umma wake baraka katika asubuhi yake. Alale mapema baada ya Isha, na akishasali Alfajiri msikitini asome mpaka saa moja kasorobo, nyumba ikiwa kimya yenyewe bila ya kumnyamazisha mtoto. Atakuwa amepata saa moja na zaidi iliyo safi, na hilo ni kubwa kuliko saa nne za kusinzia. Jumamosi binti mkubwa akae naye ubavuni. Akimshinda baba yake, na asikasirike.

Karo ilipwe muhula utakapofika. Na baada ya mwaka, Mungu akitujaalia uhai, mmoja wenu atuandikie tena atuambie ile programu ya ushuru imefika wapi.