Uwanja wa ng'ombe sabini

Ndugu msomaji, sisi watu wa mijini tunaposema "uwanja wa wazi", mara nyingi tunataja kiwanja ambacho bado hakijapata mwenyewe. Vijana huchezea mpira, mafundi hukaa na kazi zao chini ya mwembe. Kisha siku moja nguzo za ua huchimbiwa, na mpira huhamia barabarani. Leo twende mbali kidogo, hadi Boston nchini Marekani, tukautazame uwanja ambao una wenyewe tangu mwaka 1634, na wenyewe hao ni mji mzima.

Unaitwa Boston Common, na ukubwa wake ni ekari zipatazo 50. Kwa wakulima wa Uingereza ya zamani, "common" ilikuwa ardhi ya shirika: malisho yasiyozungushiwa ua wa mtu mmoja, kila mwanakijiji akiwa na haki yake humo. Walowezi walivuka bahari na desturi hiyo. Lakini ardhi waliyoifikia ilikuwa ya Wamassachusett, wenyeji wa pwani ile, waliokwisha kupukutishwa na maradhi yaliyoletwa na wageni. Hilo halina budi litajwe kabla ya sifa yoyote.

Mzungu wa kwanza kukaa pale alikuwa kasisi mpenda upweke, William Blackstone, aliyeishi na vitabu vyake. Mwaka 1630 aliwakaribisha walowezi waliokuwa na shida ya maji mazuri, nao wakamjalia pale mpaka akachoka. Miaka minne baadaye waliinunua sehemu kubwa ya ardhi yake kwa pauni 30. Kila mwenye nyumba alitoa si chini ya shilingi sita, na wengine wakatoa zaidi. Uzingatie sana mchango huo, ndugu msomaji. Uwanja haukuwa zawadi ya gavana, ambayo gavana mwingine angeweza kuitwaa. Kila nyumba ilikuwa na shilingi zake ndani ya udongo ule.

Ikaja kazi ya kuulinda, maana mwenye ng'ombe ishirini aweza kuyamaliza malisho ya wenye ng'ombe mmoja mmoja. Mwaka 1640 wakazi walikata shauri kwamba uwanja usimegwe tena kuwapa watu viwanja. Mwaka 1646 wakaweka idadi: ng'ombe wa maziwa 70, basi. Mwenye kupenda kondoo aliruhusiwa wanne badala ya ng'ombe mmoja. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wa Boston methali hiyo hawakuijua, lakini daftari walikuwa nalo. Tena Boston ilipopewa hadhi ya jiji mwaka 1822, hati yake ililikataza baraza la jiji kuuuza uwanja huo au kuukodisha.

Usidhani palikuwa mahali pa mapumziko tu. Watu walinyongwa pale hadharani. Mwaka 1713, chakula kilipoadimika huku mfanyabiashara Andrew Belcher akipeleka nafaka visiwa vya Karibi kwenye faida kubwa zaidi, watu zaidi ya 200 walizusha ghasia uwanjani, wakayavamia maghala na meli zake. Kuanzia 1768 askari wa mfalme wa Uingereza walipiga kambi papo hapo. Ng'ombe waliondolewa 1830, mji ulipokwisha kukua. Mwaka 1848 maji ya bomba yalipofika mjini, yalirushwa juu kwa fahari katika Bwawa la Vyura, ambamo hata leo watoto hujimwagia maji wakati wa joto, na wakati wa baridi huteleza juu ya barafu. Na tarehe 23 Aprili 1965 Martin Luther King aliongoza maandamano ya watu wapatao 22,000 hadi uwanjani hapo, kudai shule na makazi yasiyobagua Weusi.

Maadui wa uwanja, hata hivyo, hawakuisha, walibadili mlango. Mwaka 1897 reli ya kwanza ya chini ya ardhi nchini Marekani ilipitishwa kando yake, na wachimbaji wakakuta mifupa ya mamia ya watu katika makaburi ya kale. Mwaka 1961 gereji kubwa ya magari ilifunguliwa chini ya nyasi. Kisha yakaja maghorofa ya jirani. Haya hayakugusa hata unyasi mmoja, ila yaliziba jua. Basi mwaka 1990 sheria ya jimbo ikawekea mipaka kivuli chenyewe, kwamba jengo jipya lisiutie uwanja giza kupita kiasi.

Mwaka 2017 sheria hiyo ililegezwa kwa ajili ya ghorofa moja la Winthrop Square. Jiji liliuza kiwanja kwa mamilioni ya dola, na sehemu ya fedha ikatengwa kuutengenezea uwanja uleule. Mimi naona biashara hiyo ni ya ajabu kidogo. Ardhi iliyonunuliwa kwa shilingi sita sita haikuuzwa. Kilichouzwa ni jua lake la asubuhi.