Kabla ya Kuchangia Sindano, Tuchangie Kipimo

Haipiti wiki bila ujumbe wa mchango kuingia kwenye simu zetu hapa Maskati. Mgonjwa yuko Unguja, au Mombasa, au Tanga. Ugonjwa ni saratani ya titi. Jina la dawa limeandikwa kwa herufi kubwa, bei ipo, na chini yake: "Jamani, tukimbilie." Na watu hukimbilia, Mungu awalipe kheri. Mimi pia huchanga. Lakini kuna swali tunaliruka: majibu ya kipimo yako wapi?

Nauliza kwa sababu dawa inayotajwa sana, trastuzumab, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Herceptin, si ya kila saratani ya titi. Ni kingamwili iliyotengenezwa maabara, na kingamwili ya namna hii ni ufunguo wa kufuli moja tu. Inashika protini iitwayo HER2 iliyo juu ya seli. Takriban mgonjwa mmoja katika watano ndiye mwenye uvimbe uliojaa protini hiyo. Wale wanne waliobaki, ukiwadunga sindano hii unawamalizia pesa na wakati, maana ugonjwa wao unataka tiba nyingine.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1975, kule Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyokoma kuzaana. Wakapata seli inayotoa kingamwili ya aina moja tu, mfululizo. Mwaka 1984 wakapewa Tuzo ya Nobel. Leo kingamwili hizo zimo kwenye kijiti cha kupimia mimba na kwenye kipimo cha haraka cha malaria. Kazi yake ni ileile: kukitambua kitu kimoja na kukiacha kingine.

Ndivyo na HER2 inavyotafutwa. Daktari huchukua kinyama kidogo cha uvimbe, na maabara hukitia kingamwili na rangi. Majibu huandikwa kwa namba. Sifuri au 1+ maana yake dawa hii haimfai. 3+ inamfaa. 2+ inataka kipimo kingine cha kuthibitisha. Karatasi moja tu, na gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na dawa yenyewe.

Halafu kuna hii tabia ya kutia dawa kwenye sanduku la nguo na kumpa msafiri. Wallahi, tuiache. Trastuzumab hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Na chupa moja si tiba: kwa ugonjwa ambao haujasambaa, kawaida mgonjwa hudungwa kila wiki tatu kwa muda wa mwaka, huku moyo wake ukipimwa, kwani dawa hii huweza kuudhoofisha. Tukichangia chupa mbili kisha tukanyamaza, tumefanya nini?

Atatokea wa kuniambia, "Mwalimu, mtu anaumwa, wewe wataka karatasi!" Naam, naitaka, kwa sababu anaumwa. Mama zetu na dada zetu huficha uvimbe miezi kwa haya, mpaka habari zifike kwetu ni za dawa ghali. Nauli ya kwenda hospitali na pesa ya kipimo hakuna anayeziombea mchango, na hapo ndipo penye uhai.

Basi ukija mchango mwingine, tuulize mambo matatu. HER2 ni ngapi? Nani atamdunga na kumpima moyo mpaka mwisho? Na je, daktari ameulizwa kuhusu dawa zinazofanana na Herceptin, za bei nafuu, ambazo Shirika la Afya Duniani lilianza kuzithibitisha mwaka 2019? Kama jibu la kwanza halipo, mchango wa kwanza uwe wa kipimo. Na utoke leo hii hii.